Maua ya Karatasini Yamekataliwa, Nami Sikubali

Jumatano, Oktoba 1955. Mvua ya vuli imenyesha tangu alfajiri, nami nina hasira.

Nadai hivi, na nitalitetea dai langu mbele ya mtu yeyote: mnunuzi wa jumla anaweza kuagiza maua kwa kutazama karatasi iliyochorwa vizuri, kabla ua lenyewe halijachumwa.

Leo Kariakoo nzima imenicheka kwa dai hilo.

Shangazi yangu, Bi Mwajuma, ana bustani ndogo bondeni Jangwani: asumini, mawaridi, mrehani na mkilua mmoja. Kila alasiri huchuma, akajitwika pakacha na kupanda hadi Kariakoo kwa miguu iliyovimba, kisha akawazungukia wanunuzi mmoja mmoja. Wakimkatalia, maua hayarudi nyumbani. Hufia njiani.

Karatasi hainyauki. Huo ndio msingi wa hoja yangu, na sijaona aliyeutikisa. Mnunuzi akishaagiza kwa karatasi, mkokoteni utafuata mzigo bustanini, na shangazi atapumzisha miguu.

Kwa majuma mawili nilichora kwa rangi za maji, kila ua na karatasi yake: umbo, rangi, siku linapopatikana, mapakacha mangapi kwa juma. Shangazi aliitazama ya asumini, akasema kwa upole, "Mbona umezifungua zote, baba?" Nikamjibu kwamba ua huchorwa likiwa limechanua, na kwamba ndivyo vifanyavyo vitabu vyote vya mimea nilivyosoma chuoni Kampala. Akarudi kusuka pakacha lake. Nikachukulia kuwa amekubali.

Asubuhi nilizipeleka kwa Bwana Awadhi, anayenunua maua kwa jumla na kuwagawia watunga makoja ya maharusi wa mji huu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akapangusa mikono, akazitazama karatasi kwa makini kuliko mwalimu yeyote aliyepata kusahihisha insha yangu. Mawaridi aliyasifu. Mrehani aliusifu. Alipofika kwenye asumini akainua macho.

"Kijana, shangazi yako anauza maua ya jana?"

"La, Bwana. Huchumwa siku ile ile."

"Mbona yamefunguka?"

Bi Zuhura, mtunga makoja aliyekuwa kibarazani akisubiri mzigo wake, akanyoosha shingo. "Wallahi haya yameshaolewa, mwanangu! Bi harusi wangu nimvishe maua yaliyolala na mwenzake?"

Wachukuzi wakaangua kicheko. Mmoja akaniuliza kama huko chuoni maharusi huvishwa maua asubuhi ya pili.

Nilibishana. Naandika kwa aibu kwamba nilibishana robo saa nzima, nikiwaeleza sehemu za ua watu wanaoshika asumini kila siku ya maisha yao. Bwana Awadhi alinisikiliza mpaka mwisho, akazikusanya karatasi taratibu, akanirudishia.

"Mimi nataka matumba, baba, yaliyofumba. Yafunguke usiku, kichwani mwa bi harusi. Hayo uliyochora sinunui."

Maua ya harusi za juma hili atayachukua kwa mkulima mwingine. Kuhusu majuma yajayo, amesema tutaona.

Niliporudi, shangazi alikuwa ameketi, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Nikamweleza yote. Hakunilaumu.

"Basi nitakwenda mwenyewe," alisema.

Kicheko cha wachukuzi ningeweza kukistahimili. Neno hilo la shangazi limenishinda.

Nakiri kosa ni langu. Niliambiwa mapema, na mtu anayejua, nikamjibu kwa vitabu.

Lakini kosa la mchoraji si kosa la karatasi! Mbona hawalioni hilo? Bwana Awadhi hakusema kwamba hiyo ni picha tu. Aliisoma, akaiamini, akaikataa kama ambavyo angelikataa pakacha lenyewe. Bi Zuhura alitambua umri wa ua la rangi za maji akiwa hatua tano kutoka lilipo. Ikiwa karatasi ina nguvu ya kumzuia mtu asinunue, itakosaje nguvu ya kumfanya anunue? Mimi wamenishinda. Hoja yangu wameithibitisha wenyewe, tena kwa kucheka.

Nimeshaanza karatasi mpya. Matumba, yamejikaza, yana kijani kidogo shinani. Shangazi yuko kando yangu akinisahihisha, na mpaka sasa nimembishia mara mbili tu.

Kesho nitarudi kibarazani kwa Bwana Awadhi, mbele ya Bi Zuhura na wachukuzi wale wale, niiweke karatasi mikononi mwake. Sitakubali kuitwa kando, wala kuambiwa tena tutaona. Walionicheka hadharani na wanijibu hadharani: maua haya mnayachukua, au hamyachukui?