Gofu, Ndege na Kiko cha Baba Mdogo

Huku kaskazini, baridi ikielekea kwisha

Kaka Melkiori,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Kikohozi nilichokutajia kimeondoka chenyewe, na vidole vya miguu, ambavyo nilidhani baridi ingevichukua, bado ninavyo vyote. Natumaini goti la mama limepata nafuu na kwamba shemeji amejifungua salama. Hilo la shemeji hukuligusa katika barua yako, nami bado nangoja habari.

Barua yenyewe nimeisoma mara nyingi kuliko ulivyokusudia. Unasema Baba Mdogo Tadei alisimamishwa na mgambo kwenye kizuizi cha barabara ya Ngara akitokea Bukiriro. Wakamkuta na kiko chake, na kwenye shina la kiko kipete cha bati chenye jina la mji wa kigeni na namba. Unasema watu wanasema hiyo ni alama ya wapelelezi, kila mmoja na namba yake, na kwamba mzee yuko ndani mpaka leo. Alipoulizwa alikoitoa alijibu, "Mguuni mwa ndege," na watu wakacheka. Unaniuliza, kwa kuwa mimi ni mwandishi wa habari na niko huku yanakotoka mabati ya namna hiyo, kama nimewahi kuona kitu kama hicho.

Nimekiona. Ila nilikionea kwenye uwanja wa gofu, kwa hiyo itabidi univumilie nianzie huko.

Gofu ni mchezo wa kupiga kimpira kidogo kuliko yai la bata, kwa fimbo ya chuma, mpaka kiingie kwenye kishimo. Kikishaingia wanakitoa na kwenda kukitafutia kishimo kingine. Uwanja wake hapa ungelisha ng'ombe wa Mugoma yetu nzima, na hakuna hata mbuzi. Wanaocheza ni watu wazima wenye akili zao. Mji wenyewe ni mdogo: kiwanda cha mbao, ziwa lililoganda, kanisa, na gazeti ambalo nimeletwa kufanya nalo kazi kwa muda. Watu wake hawana makuu, lakini wana tabia moja iliyonitia wasiwasi tangu mwanzo. Kila mtu ana shughuli anayoifanya kwa bidii bila kulipwa. Daktari wa meno anafuga nyuki. Mwalimu mkuu anakusanya vizibo vya chupa. Mama mwenye nyumba ninayopanga anaimba katika kwaya ya kanisa, ya kiwanda na ya zimamoto, na sauti yake ni moja tu, ya chini. Mimi nimeandika habari muda mrefu, na mtu anayejituma bila ujira huwa namtazama mara mbili.

Niliyemtazama zaidi ni Bwana Gunnar, katibu wa chama cha gofu. Ni mzee mrefu, mpole, na masikio yake ni mekundu msimu wote. Tulipojuana tu, akaniuliza ninatoka wapi. Nikasema Tanzania. Akasema, "Wapi, hasa?" Kwa kawaida huku hawaulizi hivyo, wakisikia Tanzania wanauliza habari za simba. Nikasema Kagera, Ngara. Akanipeleka kwenye chumba cha chama na kunionyesha ramani ya dunia ukutani. Ilikuwa imechomwa pini, na kutoka kila pini uzi mwekundu ulikuwa umevutwa mpaka kwenye mji huu. Pini moja ilikuwa magharibi ya Ziwa Victoria, upande wa Biharamulo.

Wakati huo redio ilikuwa inatangaza vita vyetu vya Kagera kila jioni. Nami nimesimama mbele ya ramani ya mtu nisiyemjua, na ana pini kwetu.

Akaanza kuuliza. Mto Ruvubu ni mpana kiasi gani? Mafunjo yameota mpaka wapi? Watu wanavua huko? Kuna njia ya kufika majini? Kaka, kule nyumbani anayeuliza habari za mto anataka kuuvuka, na anayeuliza wakati wa vita anataka wengine wasiuvuke. Nikamwambia Ngara ni kukavu. Nikasema mto ni kijito, na samaki hakuna.

"Ajabu," akasema. "Mimi nina habari kwamba samaki ni wengi."

Sikumuuliza amezipata kwa nani. Nilikwenda kuandika jina lake na maneno yake, nikamweka pembeni kama tunavyowaweka watu tusiowaelewa.

Theluji ilipoanza kulegea, mhariri aliniagiza niandike namna mgeni anavyoona siku ya kufungua uwanja. Ilikuwa Jumamosi. Walikuja wengi, waume kwa wake, na sepetu na mitarimbo ya kuvunjia barafu, kwa sababu barafu ikikaa juu ya majani karibu na vishimo inayaua. Walifanya kazi kama siku ya kazi ya kijiji kwetu, tofauti ni kwamba hakukuwa na aliyeita majina. Nikauliza asiyekuja anatozwa nini. Mama mmoja mwenye birika la kahawa akaniambia asiyekuja hapati mkate wa mdalasini. Nikaandika hivyo, naye akacheka kuona nimeandika.

Mchana wakacheza kwenye sehemu zilizosafishwa, kwa vimpira vyekundu ili vionekane. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba katika gofu kila mtu anajihesabia mapigo yake. Wanatawanyika, mwingine anaingia miti hii, mwingine ile, na jioni kila mmoja anasema amepiga mara ngapi. Nikamuuliza Gunnar ni nani anayewalinda.

"Hakuna," akasema.

"Na anayedanganya?"

"Amejidanganya."

Jibu kama hilo silipokei bila kulikagua. Nikamfuata daktari mmoja mstaafu mpaka ukingoni mwa miti, nikasimama nyuma ya mti wa msonobari. Aliweka fimbo nyuma ya kimpira, na kabla hajakipiga kikabiringika kidogo chenyewe, kwa kuwa barafu chini yake ilikuwa inayeyuka. Akakitazama. Akatoa penseli, akajiongezea pigo moja ambalo hakulipiga, ndiyo sheria yao, kisha akaendelea. Hakujua kama nipo. Ila usifikiri nimekuja kukusifia Wazungu. Muda si mrefu nikamwona muuza viatu wa mjini akisukuma kimpira chake mbele kwa ncha ya buti, na jioni akasoma hesabu nzuri kuliko ya daktari. Nilimwambia Gunnar. Akasema, "Tunajua. Ndiyo maana hakuna anayemwambia, na hakuna anayemwalika."

Jioni hiyo tulikuwa kwenye chumba cha chama tunakunywa kahawa. Gunnar akashusha kopo la tumbaku kutoka kabatini na kulifungua ili apange vitu vyake, kwa kuwa, alisema, barafu ya ziwani ikipasuka wageni wake watarudi. Ndani ya kopo mlikuwa na vipete vya bati. Kila kimoja kina jina la mji na namba.

Nilikuwa na barua yako mfukoni. Niliweka kikombe chini.

Maelezo yake ni haya, nami nayaandika kama alivyonipa. Kuna ndege mkubwa mla samaki, wa jamaa ya mwewe, anayetaga huku kwenye vilele vya misonobari. Miti mingine iko palepale uwanjani. Makinda wakikaribia kuruka, Gunnar na wenzake wanapanda na kuwavisha kipete mguuni kwa koleo, ili siku mmoja akipatikana mahali ijulikane alikotoka. Baridi ikija ndege hao wanakwenda Afrika. Pini za ramani ni mahali ambapo pete zilipatikana. Ile ya upande wa Biharamulo ilitoka kwa mvuvi aliyempelekea padri wa misheni, na padri akaandika. Gunnar alipokuwa ananiuliza habari za Ruvubu, alikuwa anauliza kama ndege wake wanapata chakula. Hiyo ndiyo shughuli yake. Halipwi.

Sikumwamini papo hapo. Niliomba kukishika kipete, nikatazama mahali ncha zake mbili zinapokutana zikibanwa kwa koleo, kama ulivyonieleza cha kwenye kiko. Nikampa namba uliyoniandikia bila kumwambia chochote kingine. Akawapigia simu wanaotunza hesabu za ndege hao huko mji mkuu. Baada ya siku chache wakajibu: pete yenye namba hiyo alivishwa kinda mmoja kwenye kiota kando ya ziwa lingine, mbali na hapa. Gunnar alisikitika kidogo kwamba si ndege wake. Kisha akauliza alikufaje. Hapo nikamweleza habari za Baba Mdogo, kwamba anatega nyavu, na huenda ndege alinaswa akafa majini. Kama walimla, Baba Mdogo asilazimike kulisema hilo.

Kwa hiyo mzee alisema kweli tangu siku ya kwanza. Wanaotunza hesabu hizo wameandika maelezo yenye muhuri, nayo yanakwenda wilayani kwa njia ya serikali. Yatachelewa. Sikutia kipete ndani ya bahasha hii, ingawa Gunnar alinipa kimoja cha mfano. Bahasha yenye bati la kigeni, inayokwenda kwa mtu ambaye baba yake mdogo yuko ndani kwa sababu ya bati la kigeni, haitafika. Au itafika na watu nyuma yake. Na wewe utakayeifungua barua hii kabla ya kaka yangu, umesoma mpaka hapa. Rudia ulipotajwa mguu wa ndege, kisha uifunge vizuri.

Sasa, kaka, jambo la pili. Nalisema bila hasira.

Namba uliyoniandikia ilikuwa kamili. Ingekosewa hata tarakimu moja, wasingempata ndege yule. Lakini kiko kilichukuliwa kizuizini, na kwa maneno yako mwenyewe ulikuwa nyumbani siku hiyo na hujakiona tena. Basi namba uliisoma kabla. Tena unasema mgambo hawakugusa mfuko wa unga wala nyavu. Walikwenda moja kwa moja kwenye kiko. Mgambo asiyejua anachotafuta huanza na mzigo. Na Baba Mdogo havutii njiani. Anavutia uani kwake, jioni, na wanaokaa naye hapo ni mkewe, mama yetu, na wewe.

Wewe ni balozi wa nyumba kumi. Mliambiwa mripoti kila kitu kigeni. Na mzee tangu tuhamishiwe kwenye kijiji cha ujamaa hajaacha kurudi kule migombani kwake kwa zamani. Anavuka bonde alfajiri, anapunguza majani, anatega nyavu, anarudi bila kumwambia mtu. Nakubali kwamba mtu wa namna hiyo, wakati huu, anatisha. Mimi nilimwogopa mzee wa vipete kwa sababu ndogo kuliko hizo, nikamdanganya kwamba Ngara haina samaki. Sikulaumu kwa kwenda ofisini. Nakulaumu kwa neno "watu". Watu wanasema. Watu walimtaja. Kazi yangu miaka yote imekuwa kuuliza watu hao ni akina nani, na mara nyingi jibu limekuwa mtu mmoja.

Hata hivyo uliniandikia, ukaninakilia namba. Asiyejali asingeuliza.

Kwa hiyo usingoje muhuri. Nenda Ngara mwenyewe. Waambie kitu kile ulikiripoti wewe, kwamba mzee alikueleza kilikotoka nawe hukumsadiki, na sasa umepata habari yake. Wakitaka barua hii wape. Maneno ya aliyemshtaki yatasikilizwa haraka kuliko karatasi ya wageni. Anza na pigo lako, kama daktari yule, kabla hujasema la mtu mwingine.

Nisalimie mama, umwambie nakula vizuri na kwamba samaki wa huku hawana ladha. Nisalimie shemeji na mtoto, kama ameshafika. Mpe salamu katekista jirani yetu, na dada yetu wa Biharamulo ukimpata wa kumtuma. Mama Mdogo Domitila, mke wa Tadei, usimtumie mtu. Nenda uani kwake, ukae pale unapokaa siku zote, umwambie mumewe hakusema uongo. Mwambie kabla hujaondoka kwenda Ngara.

Ni mimi mdogo wako, ninayengoja barua yenye jina la mtu ndani yake,

Evarist