Kitako Kipya cha Bunduki ya Ngaire

Jumamosi, 4 Machi

Mvua tangu alfajiri. Hokitika ni Hokitika, mji wetu wa mvua.

Ngaire ameitoa bunduki yake kabatini, mara ya kwanza tangu apasuliwe bega. Akaiinua nusu, akairudisha mezani. Mkono wa kulia haupandi kupita kifua. "Nzito," akasema, basi. Halafu, akimimina chai, akasema kama haitamfaa msimu huu atampa Wiremu, na yeye atakaa nyumbani afume sweta.

Afume! Mwanamke huyu hajapata kumaliza hata soksi moja tangu nimwoe.

Helikopta itawapandisha mlimani tarehe mosi Aprili, yeye na Wiremu, mdogo wake. Ni wakati wa madume ya kulungu kunguruma. Sijawahi kumwona akiikosa safari hiyo na sitaki kuanza sasa. Mimi mwenyewe si mwindaji. Lakini bunduki ni fizikia, na fizikia nimeifundisha mpaka nikastaafu.

Chuma hakina kosa. Kosa ni la kitako, yaani huo mti wote unaokibeba chuma. Ni mti wa jozi, mzuri wa kutazamwa. Mwaka jana mvua iliuvimbisha, ukausukuma mtutu, risasi zikaenda kushoto. Tena ni mrefu kwake, na mzito. Dawa ni kitako cha sintetiki, kisichokunywa maji. Nimekwisha amua.

Ngaire bado.

Jumanne, 7 Machi

Tumekwenda Greymouth, dukani kwa bwana mmoja Pettigrew. Ametuwekea vitako vitatu juu ya meza.

Cha kwanza ni plastiki, kitupu ndani. Nilikibana kwa vidole, kikapinda mpaka ubavu wake ukagusa mtutu. Kikiguswa na mkanda tu, au kikiegemezwa kwenye begi, risasi inahama! Pettigrew akasema hajasikia mwindaji akilalamika. Nikamjibu kwamba wote hulaumu upepo. Akacheka — ni mtu mwema.

Cha pili ni kaboni, chepesi kama mkate. Ngaire alikipenda hapo hapo. Ikabidi nieleze: bunduki nyepesi hupiga teke kali, maana uzito ndio unaomeza teke. Bega lililoshonwa nyuzi litaweza? Nikaanza kuchora kwenye karatasi ya Pettigrew.

"Mwalimu," Ngaire akasema, "kengele imelia. Watoto wanataka kwenda nyumbani."

Cha tatu ni faibaglasi. Kigumu, uzito wa kati, mpira mnene nyuma. Rangi yake kijani kilichofifia, kama mboga iliyochemshwa mara mbili. Ngaire akasema sura yake ni ya kasha la samaki. Lakini alikiegemeza begani, akiwa ameinama juu ya meza, na akafumba macho. Hakukirudisha upesi.

Nikalipa kabla hajafungua kinywa.

Jumatano, 15 Machi

Leo vipimo, nijue kitako nikikate wapi. Kanuni ya zamani inasema: weka kitako kwenye kiwiko, kidole kifike kwenye kifyatulio. Si mbaya kwa kuanzia. Lakini watu hupimwa wakiwa na shati, kisha wanawinda na sweta mbili na koti la mvua, na bunduki inawanasa kwapani. Kwa hiyo nilimsimamisha Ngaire jikoni na nguo zote za mlimani. Jasho likamtoka. Mkate ukaungua.

"Ukikikata kifupi," akaniambia, "na mimi nitakukata wewe."

Nimekata. Sawasawa kabisa! Shavu linatua penyewe mbele ya darubini. Ila mkono wa kushoto bado ndio unaounyanyua wa kulia. Anafanya upesi, akidhani sioni.

Jumapili, 26 Machi

Kazi ya leo ni kulaza chuma. Kitako kikitoka kiwandani hakishiki chuma barabara, hubaki mianya. Unaijaza kwa gundi ya epoksi, unakikandamiza chuma humo, gundi inakauka kwa umbo lake hasa. Kama mguu kwenye matope. Lakini kwanza chuma chote kipakwe nta, kisije kikagandamana na gundi milele.

Wiremu aliingia gereji nikiwa na mkebe wa nta mkononi. Anaitaka bunduki hii, hafichi. Akaniuliza nta ya nini. Nikamweleza vizuri, hatua kwa hatua. Nikamwonyesha kijino kilicho chini ya chuma, kile kinachopokea teke, na kwa nini hapo ndipo nta inahitajika kuliko popote.

"Shemeji," akasema, "wewe ungefundisha hata jiwe likapata cheti."

Akaenda zake. Nikamimina gundi, nikakaza skrubu. Kazi safi.

Jumatatu, 27 Machi

Haitoki.

Nimelegeza skrubu zote. Nimevuta. Nimetikisa. Bunduki na kitako ni kitu kimoja.

Nimekaa nikarudisha fikra nyuma. Kijino! Nilimweleza Wiremu habari ya kijino kirefu mno mpaka nikaamini nimekwisha kipaka. Sikukipaka.

Na komeo la kusukumia risasi na kifyatulio nilivitoa ili visichafuke. Bila kutenganisha, kifyatulio hakirudi. Hii leo ni rungu ghali.

Nitamwambia kesho. Kuna njia.

Jumanne, 28 Machi

Nimemwambia. Akauliza kama nilimweleza Wiremu kwa michoro au bila michoro.

Njia yenyewe ni baridi. Chuma na gundi vikipoa hunywea kwa viwango tofauti, na gundi huwa kavu, tayari kukatika. Kwa hiyo bunduki imelala kwenye friza, juu ya njegere na nyama ya mwaka jana. Kesho tunagonga. Nina uhakika, au karibu na uhakika.

Wiremu alipiga simu jioni, habari zilishamfikia. Ngaire aliweka spika. "Dada, sisi wengine friza tunaweka nyama! Mimi nitabeba bunduki yangu. Wewe njoo utupikie, bega lipumzike."

Ngaire alikata simu, akafuta meza ambayo ilikuwa safi.

Jumatano, 29 Machi

Mtutu tumeubana kwenye jiliwa, umefungwa matambara. Kitako kinaning'inia chini yake. Unakipiga kwa nyundo ya mpira, kuelekea sakafuni. Unapiga upesi, kabla joto halijarudi.

Nikapiga. Hakuna. Nikapiga tena, nikamweleza Ngaire kwamba pembe ya pigo ndiyo muhimu kuliko nguvu, na kwamba nguvu ikigawanywa —

"Mwalimu, nenda kachemshe chai."

"Lakini baridi inapotea!"

"Ndiyo maana nenda."

Akanipokonya nyundo. Meza ya gereji iko juu kwake, na jiliwa liko juu zaidi, na kwa kupiga kule lazima nyundo ipande kupita kichwa. Nilitaka kumkumbusha daktari alisema nini. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Nyundo ikapanda. Ikapita kifua. Ikapita sikio. Mkono wa kushoto haukuusaidia wa kulia.

Nimekuja jikoni kama nilivyoambiwa. Birika limechemka zamani, na sijamimina maji kwenye majani ya chai. Kitako bado hakijatoka. Kingetoka, ningesikia chuma kikilia. Namsikia anatukana kwa Kimaori, lugha ya kwao, anapumzika, kisha anapiga tena. Bado ni mkono ule ule wa kulia, nimechungulia dirishani.