Mtani Wangu Amelikalia Sanduku, Nami Nimeitwa Geita

Kwa Bibi Euphrasia wa ukurasa wa mashauri, shikamoo.

Mimi ni mwoka mikate hapa Shinyanga mjini, na gazeti lenu nalifahamu sana kwa sababu tukishalisoma ndilo tunalofungia mikate, usikasirike Bibi, ukurasa wako huwa naukata kwanza nikauweka, na nimekuwa nikisoma mashaka ya wenzangu na kuwacheka mpaka machozi, sasa leo zamu ni yangu, ama kweli hujafa hujaumbika.

Jambo lenyewe ni hili. Mwenye kantini ya mgodini Geita alipita hapa kungoja treni, akala mkate wangu akiwa amesimama, akala wa pili, akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia Kisarawe, akasema mtu wa Kisarawe mwenye mkono kama huu anafanya nini kwenye tanuri la mtu mwingine, njoo kwangu uwe mkuu wa mikate, nyumba ya bati ipo, wasaidizi utachagua mwenyewe, na lori linalokuja stesheni kuchukua unga mwezi ukiisha litakubeba wewe na mkeo na vyombo vyenu. Bibi, tangu nije bara sijawahi kuwa mkuu wa kitu chochote, hata kuku wangu hawanisikii, basi siku ile nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara. Mke wangu Nyamizi, ambaye ni mtu wa hapa hapa Shinyanga, alipiga vigelegele, akafunga masufuria yote saa ile ile, mpaka jioni tukakosa cha kupikia.

Mashaka ameyaleta Masele. Huyu ndiye anayepasua kuni na kuwasha tanuri letu, na bila yeye mimi si mwoka mikate, kwa sababu mikate haiokwi na mikono tu, inaokwa na moto, na moto wa Masele hauunguzi wala haulegei. Yeye ni Msukuma wa Maganzo, mkewe alifariki zamani, wanawe wana miji yao, ng'ombe wake wako kwa kaka yake, na chakula chake anakula kwangu. Mimi Mzaramo na yeye Msukuma ni watani tangu mababu zetu wa misafara, kwa hiyo hatujawahi kuamkiana kwa adabu hata siku moja, mimi humwambia mwangaluka mla michembe, yaani vile viazi vyao vya kukausha, naye hunijibu mtoto wa nazi, kwenu hawajakukumbuka tu wakurudishe? Lakini nisimnyime haki yake. Mama yangu alikuja kututembelea akafia hapa, nami sina ndugu upande huu, na Masele ndiye aliyechimba kaburi, na lilipokwisha akalala ndani yake akasema hatoki mpaka apewe jogoo kwa sababu marehemu alimwita mchafu akaondoka bila kumwomba radhi, na mimi niliyekuwa silii wala sisemi nikacheka mbele za watu, nilipokwisha kucheka ndipo machozi yakaja.

Sasa tangu aliposikia habari za Geita hanipi nafasi ya kupumua. Siku ya kwanza aliniambia, "Mtoto wa nazi, huko Geita ardhi yote imechimbwa chini. Watu wanatembea juu ya ganda. Unga ukiuacha uumuke unasikia utupu chini yake, unashuka."

Nikamwambia muongo mkubwa wewe.

Akasema, "Haya, waulize wachimbaji kwa nini wanakula ugali."

Bibi, nilikwenda kweli. Nimewauliza wachimbaji wanaopita stesheni wanakula nini, na kila mmoja ameniambia ugali.

Siku ya pili akaleta la chatu. Ati mgeni wa pwani hapewi ufunguo wa nyumba Geita mpaka wacheza nyoka wamvishe chatu shingoni, chatu akimlamba sikio amekubaliwa, asipomlamba atalala nje na fisi. Nilimuuliza mke wangu, wewe mtu wa huku, hili la chatu ni kweli? Nyamizi akajifunika kanga usoni, mabega yakamtikisika, akatoka nje. Maskini, nikajua analia na hataki kunitisha.

Mimi si mtu wa kuamini kila neno, kwa hiyo niliamua kujaribu mwenyewe. Nilichimba shimo refu nyuma ya tanuri, nikalifunika kwa ubao, juu ya ubao nikaweka beseni la unga niliokanda kwa hamira nzuri kabisa, na kwa kuwa nilikuwa na wateja dukani Masele mwenyewe akajitolea kukaa kulilinda lisiguswe na mbuzi. Niliporudi, Bibi, unga ulikuwa umelala chini ya beseni kama chapati! Masele alikuwa amesimama pembeni, viganja vyeupe, akitikisa kichwa kwa huzuni. Akasema, "Na hilo ni shimo dogo tu."

Tangu hapo silali vizuri. Mkuu wa mikate gani ambaye mikate yake haiumuki?

Halafu likaja la sanduku. Wiki iliyopita nimefika kazini nakuta sanduku langu la safari, lile la bati nililotoka nalo pwani, liko kando ya tanuri na Masele amelikalia, anasema amelikamata kiutani. Sawa, ni haki yake, hata mimi niliwahi kumkamatia kiko chake akakikomboa kwa tumbaku. Nikampelekea tumbaku, akakataa. Nikampelekea kofia yangu mpya, akaitazama akanirudishia. Nikampelekea jogoo, na huyo Masele ninayemfahamu hajamkataa jogoo tangu azaliwe, akasema mrudishe kwa kuku wenzake. Anakula juu ya hilo sanduku, anasinzia juu ya hilo sanduku. Na jana nilipomwita mla michembe hakunijibu kitu. Akaendelea kupasua kuni. Bibi, mtani akikunyamazia jambo ni zito, ndiyo maana naona huenda la Geita lina ukweli na ananihurumia.

Tajiri wangu wa hapa anasema nikibaki nitabaki kama nilivyo. Nyamizi anasema lori likija yeye atapanda, na masufuria yake, na kwamba mkuu wa mikate asipotokea atawaambia huko kuwa yeye ndiye. Nafasi hii nikiikosa hairudi, nikiifuata nikaanguka nitachekwa kuanzia Kahama mpaka Kisarawe. Niende au nibaki? Nijibu upesi, lori halingoji.

Mwinyikondo,
mwoka mikate, Shinyanga.

MAJIBU YA BIBI EUPHRASIA

Mwinyikondo, marahaba. Hilo la kufungia mikate kwa gazeti nimekasirika, lakini tuliweke kando kwa sababu una mambo mabaya zaidi ya kujibu.

Nimeisoma barua yako nikacheka mpaka mchapaji akaja kutazama kama nimepatwa na degedege. Kisha nikaisoma tena, na mara hiyo sikucheka sana. Nitakueleza kwa nini, ila kwanza nikuoshe.

Wewe mtu mzima, mwenye mke na ndevu, umechimba shimo nyuma ya tanuri la watu kupima kama unga unaogopa utupu! Nimekaa Geita kwa dada yangu msimu mzima wa mvua. Mikate ya Geita inaumuka, shida yake inaungua, upande mmoja makaa na upande wa pili ubichi, na ndiyo maana yule mwenye kantini alikula wako akiwa amesimama. Wachimbaji wanakula ugali kwa sababu ni watu wenye akili, wanashinda na nyundo mikononi. Sasa niambie, beseni lililindwa na nani? Na mtu wa kuni, ambaye mikono yake siku zote ina masizi, viganja vyeupe kavitoa wapi? Umeandika mwenyewe kwa mkono wako, ukapita juu yake kama huoni! Masele ameukandamiza unga wako chini kwa mikono miwili, kisha akakuhuzunikia.

Wacheza nyoka wapo, nawaheshimu, wanacheza watu wakishavuna na kila mtu anakwenda kuwatazama. Hawakai mlango wa kantini wakigawa funguo za nyumba. Na mkeo hakuwa analia. Loo! Umeoa mwanamke na hujui mabega yake yanakuwaje akicheka? Muombe radhi Nyamizi, na hayo masufuria mbebee wewe.

Utaniuliza, hasira hizi zote nazitoa wapi kwa mtu nisiyemjua. Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo, bwana. Babu yangu alibeba pembe mpaka pwani kwenu. Kwa hiyo na mimi ni mtani wako, na kila nililokutukana hapa nimekutukana kihalali. Malalamiko peleka kwa mababu.

Sasa nisikilize kwa sikio la mtani. Mtani akikamata kitu chako anataka fidia. Ndiyo desturi, na ndiyo raha yake, mnavutana wee, mwisho jogoo anabadilisha mmiliki na mnacheka pamoja. Masele amepewa tumbaku, amepewa kofia, amepewa jogoo, vyote amevikataa. Basi huyu hana haja na fidia. Anajua mtu hasafiri bila sanduku. Hataki uende, Mwinyikondo, na hajui namna ya kulisema, kwa sababu maisha yenu yote mmesema matusi na neno hili halimo katika matusi. Mkewe hayupo, wanawe wako mbali, na mtoto wa nazi anayemwamkia vibaya kila asubuhi naye anapanda lori. Hakukunyamazia kwa sababu ya ardhi ya Geita. Amekunyamazia kwa sababu ameanza kuzoea kukaa kimya. Hapo ndipo nilipoacha kucheka, na wewe uliyechekeshwa kaburini kwa mama yako ulipaswa kuyaona haya kabla yangu.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Geita nenda. Sitakudanganya kwamba ni peponi, mji mdogo ule, maji utachota mbali, na mshahara ukitoka wachimbaji wanaimba mpaka unatamani kuwa kiziwi. Ukiunguza mkate asubuhi, mchana hata paka wa sokoni amesikia. Lakini umeitwa uwe mkuu wa kazi unayoiweza, na wewe umri haukungoji. Kaburi la mama wakabidhi wakwe zako walifagie, na kila ukipata nafasi uje ulitazame.

Kisha mpelekee habari mwenye kantini leo hii, mtu yeyote anayekwenda Geita atakubebea. Mwambie umekwisha kuchagua msaidizi wako wa kwanza, na kwamba bila mtu huyo wa moto tanuri lake litaendelea kuunguza upande mmoja. Hilo si uongo, umeniandikia mwenyewe. Akikataa, mwambie asubiri mkate mwingine mzuri upite stesheni.

Ila Masele usimbembeleze! Ole wako umwendee na maneno laini, ndugu yangu twende wote, sitaweza bila wewe. Atakutemea mate miguuni na atakataa, na atakuwa na haki, kwa sababu utakuwa umeuvunja utani katika siku ambayo anauhitaji kuliko siku zote. Fanya hivi. Siku ya lori, akiwa anachota maji, chukua shoka lake. Lile analopasulia kuni, si jingine. Lipandishe kwenye lori, katikati ya magunia ya unga, na umwambie Nyamizi alikalie, yeye anajua kukaza uso. Masele akiuliza, mjibu kwa ukali kabisa, "Mla michembe, shoka lako nimelikamata, na fidia napokea Geita tu."

Atatukana. Mwache atukane, utafurahi kuyasikia tena.

Mimi nadai changu pia, mkate wa kwanza utakaotoka kwenye hilo tanuri la Geita, na nikiuona umefungwa kwa gazeti nitakuja mwenyewe kukuvisha chatu.

Na dereva akiwasha moto, wewe kaa mbele utazame njia, usigeuke kuhakikisha kama anapanda. Mwanamume wa Maganzo hapendi kutazamwa akifanya jambo kama hilo. Sanduku lako usihangaike nalo, litakuja, na Masele mwenyewe atakuwa amelikalia.