Ndege wa Matete ya Rusizi

Mjukuu wangu Zuhura,

Salaam toka Kinama. Tuko wazima, ila mama yako magoti yanamsumbua.

Unauliza kwa nini nakataza watoto kumpiga mawe ndege wa usiku anayelia mtoni. Wakati wa vita tulijificha kwenye matete ya Rusizi. Kila usiku alilia, "kwak, kwak," nasi tuliamini anaita kifo. Kaka yangu Saidi akamuua kwa jiwe. Usiku uliofuata palikuwa kimya, tukalala vizuri. Wenye silaha wakatukuta usingizini. Saidi hakuamka tena.

Nimekuja kumjua ndege huyo uzeeni. Analia mutu akimkaribia gizani. Kumbe alikuwa anatuambia kuna watu wanapita.

Siku hizi akilia mi nafunga mlango, kisha namwomba msamaha.

Bibi yako,
Mwajuma