Dima Hahamishwi

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Shemeji Hirbo amekuja asubuhi. Hakuketi. Kasimama mlangoni pa boma, fimbo begani, akiwatazama kuku wangu kama mtu aliyeona nguo za ndani zimeanikwa barabarani. Kuku saba na jogoo! Akauliza, ndugu yake akirudi na ng'ombe, atawakuta hawa bado? Nikamwambia atawakuta, inshallah, tena wameongezeka.

Akasema sisi Waorma ni watu wa ng'ombe. Kama vile sijui! Nimekulia zizini mimi. Lakini ule ukame ulituachia tisa kati ya arobaini, na hao tisa wako na mume wangu Huka huko malishoni tangu Juni. Hapa Minjila nyumba haina maziwa hata ya chai. Watoto hawanywi sifa za ng'ombe. Hilo sikumwambia. Nimeliandika hapa, basi.

Jumatano, 3 Septemba

Margaret amecheka leo mpaka akakaa chini. Ni jirani yangu, Mpokomo wa Golbanti, ndiye aliyenipa kuku wa kwanza. Kanikuta naokota mayai: matatu nachukua, matatu naacha. Kwa nini? Nikamweleza. Ng'ombe ana chuchu nne, mbili zangu, mbili za ndama. Humkamui mama mpaka mwisho, ni dhambi. Na kuku nikamfanyia vivyo hivyo.

"Mama Hamdi, yai si ndama!"

Kumbe kwao wanaokota yote, wanaacha moja tu la kumdanganya arudi kutaga. Kumdanganya! Mimi siwezi.

Ila matokeo ndiyo haya. Dima — yule mwekundu, nimempa jina la ng'ombe mwekundu kwa lugha yetu — aliona mayai yamejaa, akayalalia. Kumi na moja. Yuko ndani ya karai bovu pembeni mwa jiko tangu tarehe 24 mwezi uliopita. Margaret kahesabu kwa vidole, siku ishirini na moja: vifaranga watatoka tarehe 14. Kanionya nisimhamishe. Akihamishwa anaweza kuyasusa yote.

Jumamosi, 6 Septemba

Habari kubwa! Watu wa Nuh wanakuja kumposa Hamdi wangu. Jumamosi ijayo, tarehe 13. Nuh ni kijana wa watu, hana makuu. Hamdi anampenda, ingawa akisikia jina lake anajifanya anatafuta kijiko.

Huka yuko mbali, kwa hiyo Hirbo ndiye atakayepokea wageni. Na ametoa sharti lake: "Shemeji, hii kuku toa kabla wageni wafike. Wakiona, watasema nyumba ya Huka imeisha."

Nikasema nitafikiri. Uongo. Nilikuwa nimeshafikiri.

Jumapili, 7 Septemba

Huka kapiga simu, kapanda juu ya kichuguu kutafuta netiweki. Nikamweleza yote. Kisha akauliza kama kitinda mimba wetu amepona. Nikamwambia amepona, anakula yai kila siku. Akasema:

"Mimi niko mbali, Darmi. Wewe ndiye uko hapo."

Simu ikakatika. Nimeichukua kuwa ruhusa.

Alhamisi, 11 Septemba

Ya leo imeniuma. Hirbo namweza. Leo ni Hamdi mwenyewe. Alikaa nami jikoni anachambua mchele, hanitazami. Akaniomba niwapeleke kuku kwa Margaret, siku moja tu. Wenzake wa Garsen wanamwita binti wa kuku, wanamtumia picha za vifaranga kwa WhatsApp. Baada ya wageni kuondoka, anasema, nifuge hata mia.

Nikalia kidogo, nikausingizia moshi.

Nimekubali nusu. Sita na jogoo watakwenda kwa Margaret. Dima habanduki. Ng'ombe anayekaribia kuzaa haswagwi. Hiyo ni sheria ya baba yangu, na Hirbo anaijua vizuri kuliko mimi.

Ijumaa, 12 Septemba

Kuku wamekwenda. Boma limefagiliwa. Hirbo kaja kukagua, kasifu sana! Jikoni hakuingia. Mimi nami sikumkaribisha.

Jumamosi, 13 Septemba. Karibu adhuhuri

Naandika jikoni. Mwandiko mbaya, daftari liko gotini.

Wageni watano wako uani, kwenye mkeka. Mambo yalianza vizuri. Salamu, mvua, habari za ng'ombe, mpaka ng'ombe waliokufa waliulizwa hali. Hamdi yuko humu ndani nami, maana msichana anayeposwa haonekani na wageni. Margaret kaja kunisaidia kupika. Nikapeleka buni za kahawa zilizokaangwa kwa samli, heshima ya posa kwetu, nikaweka katikati.

Ndipo Dima akatoka kunywa maji. Dakika kumi tu kwa siku, na akachagua hizo! Akapita juu ya mkeka, polepole, mbele ya wazee wote.

Hirbo akacheka kicheko kisicho chake. Akasema ni kuku wa jirani, huwa anapotea njia. Akamwita Margaret aje amchukue kuku wake ampeleke kwake.

Margaret alikuwa na mwiko mkononi. Akanitazama. Angemchukua, najua, angenisitiri na asingenikumbusha kamwe. Lakini mayai mawili yametoboka tangu alfajiri. Vifaranga nimewasikia wakilia ndani.

Nikasimama mlangoni. Nikasema, "Kuku ni wangu. Analalia mayai jikoni kwangu. Leo haendi popote."

Hirbo akainamisha kichwa. Mzee wa upande wa Nuh alimfuata Dima kwa macho mpaka akarudi kwenye karai lake. Kisha akaomba maji. Maji tu, hakusema ya nini! Kama ni ya kunawa, watakula buni, na buni zikiliwa maneno yanaendelea. Kama ni ya udhu, wataswali, wapande pikipiki zao waende.

Nilijaza birika. Hamdi akalitoa mkononi mwangu. Nikamkataza, haonekani! Akajifunga mtandio.

"Mama, wewe kaa na Dima."

Hajawahi kumtaja kwa jina. Ametoka. Nimemsikia Hirbo akimwita kwa ukali, mara moja tu.

Sasa maji yanamiminwa. Kunawa ni mikono tu. Udhu ni mpaka miguu. Naandika ili nisichungulie. Bado yanamiminwa.