Nimegoma Kulea Mjukuu Mpaka Nasari Inilipe

Mama Rita mshauri, nakusalimia katika jina la Bwana, mimi ni Papa Ignace wa hapa Kingstanding, huku kwa Waingereza, nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, ijapo shule niliiacha mapema kwa sababu mwalimu aliishiwa na vitu vya kunifundisha, na naomba unisaidie haraka kwa maana nyumba yangu imegawanyika na mwenye haki ni mimi.

Kule Bukavu nilikuwa kapita, msimamizi wa wachumaji, kwenye shamba la chai, watu wote walinijua, nikikohoa tu wachumaji wanainama, na sheria yangu ilikuwa moja: mchumaji asipokuja kazini, yule anayeshika nafasi yake ndiye anachukua posho ya siku ile, hata kama asiyekuja ni mtoto wa chefu wa kijiji. Hakuna mtu aliyenishinda kwa sheria ile, hata mzungu mwenye shamba alinyamaza.

Sasa sikiliza. Binti yangu Marlène anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, mume wake Israël anaendesha lori na analala barabarani, mtoto wao Sagesse ana miaka mitatu, basi anaenda nasari kwa yale masaa ya bure ambayo serikali inawapa wazazi wanaofanya kazi. Corona ikaingia kati ya walimu, karibu wote wakawekwa karantini, watoto hawakuwa na neno lakini nasari ikakosa watu ikafunga mlango. Nani akamchukua Sagesse? Mimi. Marlène anamleta kwetu alfajiri akienda zamu, na bibi yangu Lucie, mama yake Marlène, anasafisha karakana huko Hockley asubuhi, kwa hiyo niko peke yangu na mtoto, ni kweli Lucie anaacha uji tayari, na akirudi ndiye anapika na kumwogesha na kufua nguo zake na kumlaza mchana, lakini anayelea ni mimi.

Bon, siku moja nikasikia Marlène anamwambia mama yake kwamba baraza la mji bado linailipa nasari masaa ya Sagesse ingawa mlango umefungwa. Nikaruka kutoka kwenye kiti! Kumbe mimi nashika nafasi, na posho anachukua yule ambaye hakuja kazini? Nikavaa koti langu la harusi na barakoa, nikaenda kugonga dirisha la nasari. Alikuwemo mwalimu mmoja tu, Magdalene, Mkenya.

"Mzee, tumefunga. Sagesse ako sawa?"

"Ni mzima. Nimekuja kuchukua posho."

"Posho ya nini?"

"Ya siku nilizowashikia kazi."

Akacheka mpaka kioo kikaingia ukungu. "Hiyo pesa ni ya kituo, mzee wangu. Haikuji kwako, wala kwa Marlène."

"Basi niitie mkubwa wako."

"Mkubwa wa leo ni mimi."

Nikamwambia kwetu mkubwa hacheki hovyo, nikaondoka. Jioni Marlène akanijia juu, "Papa, umeniaibisha! Nitampelekaje mtoto pale tena?" Nikamjibu kwamba aibu ni ya anayekula jasho la mzee. Basi nikagoma. Nikamwambia asiniletee mtoto asubuhi mpaka nasari inilipe, na Jumapili nikautangaza mgomo kwenye Zoom ya kanisa kabla pasteri hajafunga maombi. Lucie akasema kama ni mgomo basi na jiko lake limegoma, tangu hapo ninakula mkate na sardini, lakini niko imara.

Shida ni kwamba nasari bado imefungwa na Marlène amekosa zamu za asubuhi, mkubwa wake amemwambia akikosa tena nafasi yake atapewa mwingine. Sagesse naye anapiga simu na Kiingereza chake anauliza kama Koko, ndivyo anavyoniita babu yake, bado amenuna, nikamwambia mwanamume hanuni, anagoma. Kwa hiyo Mama Rita, andika mbele ya watu wote kwamba Papa Ignace ana haki, nasari ilipe, nami nirudi kwa heshima. Mimi mwenyewe sitashuka, mtu kama mimi hashuki.

Papa Ignace, Kingstanding


MAMA RITA ANAJIBU

Papa Ignace, barua yako nimeisoma nikicheka mpaka nikafika pale Marlène anapokosa zamu. Hapo kicheko kikaisha.

Ulitaka niseme una haki. Huna. Nasari si mchumaji aliyelala nyumbani. Ni kama kile kiwanda chenu cha chai: mvua ikiharibu majani msimu mmoja, mwenye shamba havunji kiwanda wala hafukuzi mafundi, kwa sababu majani yatarudi. Serikali inaendelea kulipa masaa ya watoto hata mlango ukiwa umefungwa kwa ajili ya corona ili kodi ya jengo ilipwe, walimu wasipoteze kazi, na Sagesse akute pa kurudi. Ukiila wewe pesa hiyo, utarudi kumlea mpaka aote ndevu, na ni msichana!

Tena uelewe vizuri. Masaa yale ya bure hayapiti mkononi mwa mzazi, sembuse babu. Yanalipwa kwa walezi waliosajiliwa. Na hata ukijisajili kesho, mtoto wa bintiyo hahesabiwi, kwa sababu ni damu yako. Usimshawishi Marlène aseme popote kwamba anakulipa, maana uongo huo utamwangukia yeye, si wewe. Umwache atulie akathibitishe habari zake serikalini, jambo analotakiwa kufanya kila miezi mitatu. Akisahau kwa sababu yuko jikoni anabishana nawe, Sagesse anaweza kupoteza masaa yake, na hapo utajua kulea ni nini. Kama ulikuwa na hofu ya sheria za corona, nyumba mbili zinaruhusiwa kuungana ili kulea mtoto. Kwa hiyo hata kisingizio hicho huna.

Sasa nikuulize: kapita aliyeacha kundi lake shambani siku ya kazi, kule Bukavu mlikuwa mnamwitaje? Usinijibu mimi. Mjibu Marlène, ambaye wazee wa watu wanamsubiri awape dawa na chai wakati baba yake amekaa na sardini.

Haki ipo, Papa, ila haina jina lako. Ndugu anayemlea mtoto ili mzazi aende kazini anaweza kuandikiwa michango ya bima ya taifa, ile inayojaza pensheni. Si pesa ya mkononi, na ni kwa yule ambaye hajafika umri wa pensheni. Kama Mama Lucie hajaufikia, na vile vibarua vya Hockley havimjazii michango ya mwaka, basi yeye ndiye wa kuombewa michango hiyo. Marlène lazima akubali kwa saini yake, na maombi yanaanza kupokelewa Oktoba, mwaka wa kodi ukishapita. Anayepika, anayeogesha, anayefua na anayelaza umemwandika wewe mwenyewe, mimi sikuongeza neno. Mwaka huu mgumu hata kumtunza mtoto kwa simu kunahesabiwa. Kununa kwa simu hakuhesabiwi.

Basi mpigie Marlène sasa, kabla hujaenda kutafuta la kunijibu. Sema tu, "Mlete Sagesse kesho alfajiri." Usitaje chai, usitaje posho. Na Mama Lucie, kama ni wewe unayemsomea ukurasa huu, mpe simu, halafu simama hapo hapo mpaka aongee.