Kuku Walipodonoa Betri

Ijumaa. Mvua imenyesha asubuhi ikakatika, Msimbati yote inanukia mchanga uliolowa, nami siwezi kuacha kutabasamu.

Tangu nimalize shule ninafanya kazi kwenye karakana ya kijiji na Mwalimu Mfaume. Tunatengeneza betri ya maji. Ndoo mbili za maji yenye chumvi ya chuma, mipira ya kuyapitisha, na katikati vibamba viwili vya makaa ambavyo maji huvigusa yakipita. Mchana tunaijaza kwa dinamo ya lori bovu, ili jioni iwape taa kina mama wa darasa la kusoma. Vibamba ndiyo kazi yangu, na vyote nilivyotengeneza vilikuwa vimegoma kupitisha umeme.

Mjomba alishasema: taa isipowaka leo, narudi shambani kupalilia mikorosho. Kwetu neno la mjomba halijadiliwi.

Juzi nilisaga makaa ya vifuu, nikayakanda kwa uji wa muhogo, nikaanika vibamba uani. Niliporudi, kuku walikuwa karamuni. Vilisalia viwili tu.

Nililia. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

“Weye mwali, umewapikia kuku! Hivyo vilivyobaki vipalie makaa kama mkate, wasivione.”

Naona haya kubishana, hata na mama. Nikavitia kwenye sufuria kuukuu, nikafunika, nikaweka moto juu na chini. Kisha nikavisahau. Nilipofunua nilidhani nimeviharibu: vyeusi tii, vyepesi, ukivigonga vinalia kama kigae.

Kumbe uji ndio uliokuwa unazuia umeme. Sasa nao umegeuka makaa.

Leo mchana tulivifunga tukaijaza betri, na jioni watu walijaa karakana. Mwalimu akaniambia nieleze. Nikafungulia maji tu.

Taa ikawa nyekundu kama jicho la mgonjwa. Halafu ikawaka.

Vigelegele! Mama alipiga kuliko wote, kana kwamba ananioza.

Mjomba akainama, akaikagua ile taa, akanusa hata ndoo.

“Na ikizimika, mpwa wangu?”

“Nitatengeneza vibamba vingine, Mjomba.”

Nilisema kwa sauti, mbele ya kijiji kizima. Akamgeukia mama: “Dada, tafuta mtu mwingine wa jembe.”

 Hivi ile sauti ilikuwa yangu kweli?